Wanamwita Gari, na Kijiji Hakina Jingine

Kumeshapambazuka, lakini huku juu jua halionekani. Ukungu umeukalia mlima, na nyumba ya jirani, iliyo karibu kiasi cha kuombana chumvi dirishani, imebaki kuwa mlio wa kuku na kikohozi cha mtu asiyeonekana.

Mwanamke mmoja anatoka nje pekupeku. Hajanawa uso. Anakwenda hadi pembeni mwa uwanja, anaikandamiza ardhi kwa kisigino, kisha anainua mguu na kuchungulia. Kishimo kilichobaki hakijai maji. Anashusha pumzi.

"Tutapita njia ya mkato," anawaambia wenzake watatu waliochutama kando ya ukuta, kila mmoja na kitambaa kilichokunjwa begani.

Kibarazani, juu ya machela, amelazwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Ni seremala, mtu wa miraba minne zamani zake. Sasa miguu imevimba mpaka vidole vimezama, na tangu juzi akilala chali pumzi zinamkatika. Wamemwegemeza kwenye gunia lililojazwa majani makavu ili kifua kikae juu.

"Shemeji, mwisho wa yote nimekuwa mzigo wako," anasema seremala, maneno yakimtoka mawili mawili.

"Mzigo ulikuwa tangu zamani," anamjibu huku akimkazia kamba kiunoni. "Ila leo ndiyo umekubali kufungwa."

Wanawake wanacheka. Seremala naye anataka kucheka, lakini kicheko chake kinageuka kikohozi kirefu, na wenzake wanaacha kucheka mmoja baada ya mwingine. Wanainama, wanashika miti, wanahesabu kwa sauti na kuinuka.

Mwanamke huyu ana miaka hamsini na mmoja. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Watoto wadogo, wazee, hata mhubiri anayepanda huku mara moja moja, wote wanamwita Gari.

Zamani kijiji kilikuwa na gari la kweli. Lilikuwa lori bovu lililopanda siku za soko kuchukua viazi na iliki, likashuka na watu wamekaa juu ya magunia. Kisha mvua ya mwaka mmoja ikalisomba daraja la bondeni, mawe na vyuma vyote. Wakubwa walikuja kuangalia, wakapigwa picha wakiwa wamesimama ukingoni, wakaondoka. Daraja halijarudi, na lori nalo halikuonekana tena.

Tangu hapo, kila kinachopanda kinapanda mgongoni mwa mtu: chumvi, sabuni, misumari, mabati, madaftari ya watoto. Na kila anayeugua kiasi cha kushindwa kutembea anashuka kwenye machela. Hali ya hewa ikiwa nzuri, ni nusu siku mpaka kwenye kituo cha afya. Ikiwa mbaya, hakuna anayethubutu kusema watafika lini.

"Mwanzoni jina hili lilinikera," anasema Gari. "Mtu ana jina lake, halafu anaitwa chombo. Siku hizi nimelizoea. Nawaambia tu, gari lenyewe limechakaa, breki zimekwisha, na magoti yanapiga kelele."

Anasema hivyo kwa utani, lakini magoti yake yanapiga kelele kweli. Ukitembea nyuma yake kwenye mteremko unayasikia.

Kubeba machela ilikuwa kazi ya wanaume. Walipokezana mabega, wengine wakitangulia kufyeka njia. Kisha iliki ikaingiwa na ugonjwa. Majani yalikunjamana, punje zikatoka tupu, na shamba baada ya shamba likageuka kichaka. Vijana wakatangulia kwenda tambarare kutafuta vibarua. Wakafuata waume za watu. Leo ukipita kijijini asubuhi unahesabu milango iliyofungwa kwa waya kutoka nje, na nyasi zimeota mpaka vizingitini.

Waliobaki ni wanawake, watoto, na wazee wasioweza kuuacha mlima.

Mume wa Gari hakwenda tambarare. Alifariki kwa maradhi ya kifua kijijini hapa hapa, kabla watu hawajaanza kuondoka. Mwaka uliofuata, mtoto wa jirani akaungua kwa uji, na wanaume wa kumbeba wakakosekana. Walikuwepo watatu tu, na mmoja alikuwa anatembelea fimbo. Gari akaweka kanga yake begani na kushika mti wa mbele.

Anakumbuka kwamba watu waliguna. Wengine walisema mwanamke akibeba machela anaharibu kizazi. Alichowajibu kwa wakati ule ni kwamba kizazi chake kimeshamaliza kazi, na huyu mtoto anayelia ni kizazi cha nani?

Siku hizi hakuna anayeguna. Wabebaji wote ni wanawake.

Anayeshika mti wa pili wa mbele ni rafiki yake wa tangu utotoni. Wanamwita Kimya, kwa sababu haijapata kutokea akawa kimya. Anaongea njiani, anaongea akila, na inasemekana hata usingizini hanyamazi. Nyuma wapo wake wenza wawili, ambao mume wao aliondoka na hajatuma hata salamu. Kabla ya hapo walikuwa hawasemezani. Ilibidi waanze, kwani watu wawili hawawezi kushusha mgonjwa kwenye mawe yanayoteleza bila kuambiana "shika", "legeza" na "ngoja". Siku hizi wanalima shamba moja.

Malipo ni kile familia ya mgonjwa itakachoweza. Mara nyingi ni debe la viazi, na mara nyingine ni asante.

Nyumba ya Gari ina vyumba viwili. Kuta ni za udongo na miti, paa ni la bati lililoshika kutu mpaka linapitisha mwanga. Chumba cha ndani kina kitanda kimoja. Cha nje kina meko, na juu ya meko pametundikwa uchaga. Hapo juu kuna mbegu za viazi, kuni za akiba, na nguo ndogo za mtoto zilizoning'inizwa zikauke kwa moshi, maana kwenye ukungu huu nguo ya kuanikwa nje hukaa siku nyingi na bado ukiivaa unahisi ubaridi.

Kila mtu kijijini anakohoa. Wanakohoa kwa moshi, wanakohoa kwa baridi. Zahanati ipo, imejengwa kwa matofali, na ina ubao wenye maandishi mazuri. Muuguzi wa mwisho alihamishwa. Aliyeletwa badala yake alikaa msimu mmoja wa mvua, akaaga kwamba anakwenda kuchukua mshahara. Mpaka leo anasubiriwa. Ufunguo anao mwenyewe.

Nguo za uchagani ni za mjukuu, mtoto wa kiume ambaye ndiyo kwanza ameanza kutembea kwa kushikilia ukuta. Leo Gari amemwacha kwa jirani. Mtoto hakulia. Amezoea kuachwa.

Msafara unateremka. Njia ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima unaodondosha maji, upande mwingine hakuna kitu isipokuwa vilele vya miti vinavyotokeza chini kwenye ukungu. Gari hatazami pembeni. Anatazama mahali mguu unapokwenda, kisha mahali mguu wa Kimya unapokwenda.

Kimya anamwambia seremala kwamba machela yake ni nzuri ila fupi, miguu imetoka nje kama mtu aliyelala kitanda cha mtoto. Seremala, ambaye ndiye aliyeitengeneza, anajitetea kwamba alichukua vipimo vya watu wa kawaida. Hakujua kwamba atakuja kulala mwenyewe.

Wanasimama kidogo kuhamishia miti bega la pili.

Baada ya mwendo wanafika mahali njia inapogawanyika. Moja inapanda tena, inazunguka kwa juu, na kumrudisha mtu bondeni baada ya saa nyingi. Nyingine ni ya mkato. Inakata katikati ya mteremko mpana, mwekundu, usio na mti hata mmoja. Juu ya mteremko huo kuna ufa mrefu ardhini. Ukiuangalia kutoka hapa unafanana na mstari uliochorwa kwa jembe.

Wanaishusha machela kupumzika. Kimya, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hasemi neno. Gari anageuka kulifunga upya pindo la blanketi ambalo halikufunguka.

Seremala anamtazama kutoka pale alipolala.

"Shemeji," anasema taratibu, "usiuangalie."

Hapa ndipo mahali ambapo mwaka jana, katikati ya masika, Gari alisimama akiwa amembeba mke wa mwanawe.

Mwanawe ni mmoja tu. Ni fundi mwashi, kazi yake iko tambarare, na alikuwa akija nyumbani mara mbili kwa mwaka. Alioa binti wa bondeni, mrefu, mwepesi wa kucheka, ambaye alipofika huku juu mara ya kwanza aliuliza ukungu huu unaondoka lini. Gari alimwambia utaondoka mchana. Mchana ulipofika akauliza tena. Likawa jambo la utani kati yao. Kila asubuhi binti alitoka mlangoni, akaweka mikono kiunoni na kuuambia ukungu, "Na wewe huna kwenu?"

Gari anasema hakuwahi kupata binti wa kumzaa, na huyo ndiye aliyepewa na Mungu. Walilala nyumba moja, walipika chungu kimoja. Jioni mkwe alikaa chini kati ya miguu ya mama mkwe wake akasukwa nywele, na ndiye aliyekuwa akimkanda magoti kwa maji ya moto baada ya safari za machela.

Mimba ilikuwa ya kwanza. Mipango ilikuwa kwamba miezi ikikaribia kutimia ashuke kwa wazazi wake akangojee huko. Mvua ikaanza mapema, njia zikaharibika, wakawa wanaahirisha wakisema kesho kutakucha vizuri.

Uchungu ulimshika alfajiri, kabla ya siku zake. Kufikia asubuhi alikuwa anatoka damu. Wanawake wazima walioingia kumwangalia walitoka nje wakiwa wametazama chini, na Gari hakuhitaji kuambiwa. Akaenda kuchukua machela.

Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo siku kadhaa. Walipofika hapa, ule ufa ulikuwa umefunguka kiasi cha kuweza kuingiza mkono mpaka kiwikoni. Maji yalikuwa yakitiririka ndani yake na hayakuonekana yanakotokea. Kimya alitaka wavuke. Alisema kwa njia ya juu hawatafika mapema. Mmoja wa wake wenza alikataa, mwingine akanyamaza. Wote wakamtazama Gari, kwa kuwa yeye ndiye anayeshika mbele, na kwa kuwa aliyelala kwenye machela alikuwa wake.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa na fahamu zake.

"Alinishika kanga," anasimulia Gari. "Akaniambia, 'Mama, pita hapa hapa. Mimi nitafumba macho.'"

Gari alikataa. Akageuza machela, wakashika njia ya juu.

"Niliwafikiria wote," anasema. "Yeye na mtoto, na sisi wanne. Nyuma yetu kulikuwa na watoto wa kila mmoja wetu wanangoja mama zao. Nikasema moyoni, ardhi hii ikiondoka inaondoka na kijiji kizima. Ndivyo nilivyoona. Hata leo ukiniuliza nitakuambia hivyo. Lakini kuambia watu ni kitu kimoja, na kulala usingizi ni kingine."

Mtoto alizaliwa njiani, chini ya mwamba uliojitokeza, Kimya ameshika turubai juu yao kwa mikono miwili mpaka mikono ikafa ganzi. Alitoka akiwa hai, mdogo, mwenye hasira. Gari alimfunga kifuani kwake, ndani ya nguo, na kurudi kwenye mti wake wa mbele. Damu ya mama yake haikukatika. Binti aliongea kidogo kidogo kwa muda. Aliuliza ni mtoto gani. Alipoambiwa ni wa kiume akasema baba yake atajivuna sana huyo. Baadaye akaacha kuuliza.

Walipofika kituo cha afya mwili ulikuwa bado una joto. Tabibu alitoka mbio, akamgusa shingoni, akamfunika. Alikuwa kijana, na hakuwa na nia mbaya. Alisema tu, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Mngefika mapema kidogo."

Gari anasema maneno hayo yalimwingia kama mwiba uliokatikia ndani.

Na mteremko? Haukuanguka siku ile. Haukuanguka wiki ile wala mwezi ule. Masika yaliisha, kiangazi kikaukausha ule ufa, watu wakaanza kupita tena, kwanza kwa kunyemelea, baadaye kama kawaida. Mpaka leo haujaanguka.

"Ungeanguka ningelia na kushukuru," anasema Gari. "Nimewahi kuuombea uanguke, usiku, wakati hakuna mtu. Nimeamka asubuhi nikauona pale pale, umekaa."

Mwanawe alifika baada ya maziko, kwa sababu habari zilichelewa. Simu hushika juu ya jiwe moja tu kijijini, na siku hizo jiwe lenyewe lilikuwa limefunikwa na mvua. Alikaa na watu, akapewa pole, akaitikia. Kisha akamuuliza mama yake swali moja tu: kwa nini walizunguka.

Alipojibiwa hakubishana. Aliinuka akaenda mpaka kwenye mteremko, peke yake. Wanawake waliokuwa shambani upande wa pili walimwona. Alitembea mpaka katikati, akasimama. Akapiga ardhi kwa buti lake, mara ya kwanza, mara ya pili, kama mtu anayegonga mlango. Alibaki amesimama pale mpaka ukungu ulipomfunika.

Asubuhi yake aliondoka bila kuaga. Mtoto alimwacha, kwani fundi anayelala kwenye majengo yasiyokwisha atamweka wapi mtoto mchanga? Tangu hapo alituma maziwa ya kopo na sabuni kwa watu wanaopanda, na kila mara mjumbe alipoulizwa kama kuna maneno yoyote, alisema hakuna.

Mapumziko yamekwisha. Gari anaweka kitambaa begani, wanainua. Wanaingia kwenye mteremko mwekundu, hatua za watu wanne zikienda kama za mtu mmoja. Vijiwe vinachomoka chini ya nyayo na kuteremka mbali, mlio wake ukipotea kabla haujafika chini. Seremala amefumba macho. Gari hajayafumba. Anatembea akitazama mbele, na jasho linamtoka ingawa pana baridi.

Upande wa pili, Kimya anarudiwa na sauti. Anaanza na habari za bei ya chumvi.

Mchana ukiwa umesogea wanavuka mto kwa mawe pale daraja lilipokuwa, na kumfikisha mgonjwa kituo cha afya. Tabibu ni yule yule. Anamsikiliza seremala kifuani kwa muda mrefu, anamwambia Gari pembeni kwamba moyo umechoka, unashindwa kusukuma damu, maji yanabaki mwilini, na kwamba hapa hawana vifaa. Lazima apelekwe hospitali kubwa. Bahati nzuri gari la wagonjwa lipo na lina mafuta.

Seremala hajawahi kwenda mbali kiasi hicho. Anapoingizwa garini anamshika shemeji yake mkono na kumwagiza mambo madogo madogo: mbao zake zisinyeshewe, randa yake asiazimwe mtu. Anaongea haraka, kama anayeogopa kunyamaza. Mlango unafungwa. Gari anabaki barabarani mpaka vumbi linapotulia.

Hadi habari hii inaandikwa, seremala bado amelazwa. Waliomwona wanasema miguu imepungua kidogo, lakini pumzi bado ni za kuhesabu.

Kwa kawaida, baada ya kumfikisha mgonjwa, wanawake hawa hununua chumvi na kuanza kupanda kabla giza halijawakuta njiani. Safari hii wana pa kupitia. Nyuma ya duka la mama mmoja mjane, si mbali na kituo cha afya, kuna chumba kilichokuwa stoo ya makreti matupu. Gari alikwenda kumwomba mama huyo chumba hicho miezi mitatu baada ya msiba. Alitaka kiwe mahali ambapo mwanamke yeyote wa mlimani mwenye mimba atashuka mapema, mwezi mmoja au zaidi kabla ya siku zake, akae, apike, angoje akiwa karibu na tabibu.

Mama mwenye duka alikubali kulipwa kwa viazi. Ugumu ulikuwa kijijini. Mama wakwe walisema nani atalima wakati mkwe amekaa bondeni anakula. Wengine waliona ni uvivu wa kisasa. Gari alipita nyumba kwa nyumba. Hakuwahubiria. Aliketi jikoni kwao na kuwasimulia ile safari, mwanzo mpaka mwisho, hata yale aliyotaka kuyasahau. Anasema nyumba nyingine alitoka bila jibu, lakini hakuna alikofukuzwa. Mwishowe kila nyumba ikaahidi gunia lake.

Chumba hakikuwa na sakafu, wala dirisha, wala mlango wa maana. Kilihitaji fundi mwashi. Gari alimjua mmoja tu, na hakuthubutu kumpigia. Aliyepanda juu ya jiwe na simu ni Kimya, ambaye baadaye alisema aliongea peke yake kwa dakika zote mpaka salio likaisha, na kwamba upande wa pili alisikia tu mtu anapumua.

Fundi alikuja. Alianza kazi siku mbili kabla ya safari hii ya seremala, na leo ni mara ya kwanza mama yake kumwona tangu mwaka jana.

Wanamkuta amepiga magoti, anasawazisha saruji kwa mwiko. Kimya na wake wenza wanapata ghafla shughuli ya kufanya dukani. Gari anasimama mlangoni.

"Usikanyage," anasema kijana bila kuinua kichwa. "Bado mbichi."

Mama anasimama pale pale. Anamuuliza kama amekula. Anajibu kwamba amekula. Kijana anachota saruji nyingine. Kisha yeye ndiye anayeuliza, kama mtoto ameota meno. Gari anamwambia ameota mengi, anauma kila kitu, na sasa anatembea kwa kufuata ukuta, ukuta ukiisha anakaa chini na kulia.

Mwiko unasimama, kisha unaendelea.

"Ningekuwa mimi siku ile," anasema kijana, "ningepita."

"Najua, mwanangu."

"Ningepita tu. Nisingefikiri." Anakwangua saruji iliyozidi, anaitupa ndooni. "Na labda ningewamaliza wote. Naliwaza hilo kila siku. Sipati jibu."

"Mimi pia silipati," anasema mama yake.

Gari anavua kanga moja kati ya mbili alizovaa, anaiacha kwenye kizingiti pamoja na viazi vilivyochemshwa vya safarini. Kijana anauliza kanga ya nini. Mama anamjibu ni ya kumbebea mtoto; anunue kitambaa cha shati lake cha rangi kama hiyo, na akija kumwona amletee. Kijana hasemi atakuja. Hasemi haji.

Mlango utawekwa sakafu ikikauka. Atakayefungua chumba ni binti wa Kimya mwenyewe, ambaye anatarajia kujifungua mvua za mwisho wa mwaka. Anaogopa kukaa mahali pageni, na mumewe yuko mbali, kwa hiyo Gari ameahidi kushuka naye na kulala naye chumbani wiki ya kwanza. Vitanda havijapatikana. Wataanza na mikeka.

Jua linateremka, na mlima juu yao umeshafunikwa. Wanawake wanne wanaigawa mizigo ya chumvi, wanakunja machela na kuifunga kamba. Gari anapigapiga goti lake moja kwa mkono, kama mtu anayembembeleza mnyama mkaidi, halafu anaulizwa anatarajia nini kutoka kwenye chumba kile.

Anaufunga kwanza mzigo wake wa chumvi.

"Nataka washuke kwa miguu yao," anasema. "Wakae pale mpaka wachoke kukaa. Wagombane kwa ajili ya sufuria. Wazae, halafu wapande na watoto wao mgongoni, wakilalamika kwamba mlima ni mrefu. Na mimi nipite kando yao, nimebeba viazi vyangu tu."